Asilimia tatu ya nini? Kodi ndogo inayonunua mashamba na kuezeka majumba ya kale Massachusetts

Mwenye nyumba katika jimbo la Massachusetts, Marekani, akifungua bili yake ya kodi ya majengo, mara nyingi hukuta chini ya kodi yenyewe mstari mwingine mfupi wenye herufi tatu: CPA, yaani nyongeza inayotozwa kwa Community Preservation Act, sheria ya jimbo kuhusu uhifadhi. Kiasi chake huwa dola arobaini, sabini, pengine mia moja na hamsini kwa mwaka. Wengi hawaoni hata hiyo bili, kwa sababu benki iliyowakopesha fedha za kununua nyumba ndiyo inayolipa kodi kwa niaba yao na kuwakata kidogo kidogo kila mwezi. Wanaoiona huanza na kosa lilelile: wakisikia kwamba mji wao unatoza "asilimia tatu", hudhani ni asilimia tatu ya thamani ya nyumba. Ingekuwa hivyo, nyumba ya dola 500,000 ingetozwa dola 15,000 kila mwaka na watu wangeshaandamana zamani.

Asilimia hiyo inahesabiwa juu ya kodi yenyewe. Ni kodi juu ya kodi. Msomaji wa Tanzania aliyezoea kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021, kiwango kimoja kwa kila nyumba ya kawaida bila kujali inauzwa shilingi ngapi, ajue kwanza kwamba Massachusetts mambo ni tofauti. Kule kila mji una wakadiriaji wake, kila mwaka wanapanga thamani ya nyumba, kisha mji unaweka kiwango cha dola kadhaa kwa kila dola 1,000 za thamani. Fedha hizo ni za mji wenyewe, ndizo zinazolipa walimu, zimamoto na barabara.

Tuchukue nyumba ya dola 500,000 katika mji unaotoza dola 12 kwa kila 1,000. Kodi ya kawaida ni dola 6,000. Nyongeza ya asilimia 3 ni dola 180. Lakini miji mingi imechagua kusamehe dola 100,000 za kwanza za thamani ya nyumba, kwa hiyo nyongeza inahesabiwa juu ya dola 400,000 tu, na mwenye nyumba huyo analipa dola 144. Kama mji wake umechagua asilimia 1.5, ni dola 72. Kama ni asilimia 1, kama ilivyo Boston, ni dola 48. Hesabu imeishia hapo, na kwa kweli hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya jambo lenyewe.

Sheria inayoruhusu nyongeza hii, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita Sheria ya Uhifadhi wa Jamii, ilitiwa saini na gavana Paul Cellucci Septemba 2000. Hailazimishi mji wowote. Inasema tu kwamba mji ukitaka, wapiga kura wake wakikubali kwenye sanduku la kura, unaweza kujiongezea hadi asilimia 3 ya kodi ya majengo na ardhi, na fedha hizo zitumike kwa mambo manne pekee: kulinda ardhi ya wazi, kuhifadhi majengo na vitu vya kihistoria, kujenga au kusaidia nyumba za watu wa kipato cha chini na cha kati, na viwanja vya michezo na mapumziko. Jimbo lina miji 351, na leo zaidi ya nusu imeshaipitisha.

Visiwani na kwenye rasi

Wazo lilianzia sehemu ambazo ardhi ilikuwa inaliwa na nyumba za likizo. Kisiwa cha Nantucket mwaka 1983 kiliruhusiwa kuanzisha benki ya ardhi, inayoendeshwa kwa tozo ya asilimia 2 ya bei ya kila nyumba au kiwanja kinachouzwa, na mnunuzi ndiye mlipaji. Martha's Vineyard wakafuata mwaka 1986. Kwenye rasi ya Cape Cod, ambako maji ya kunywa yanatoka chini ya mchanga huohuo unaojengewa, watu walitaka kitu kama hicho, lakini tozo ya mauzo ikakataliwa kwenye kura. Mwaka 1998 wakarudi na pendekezo jingine: badala ya kumtoza anayenunua, kila mwenye mali aongezewe asilimia 3 ya kodi yake. Hilo likapita katika miji yote 15 ya rasi.

Usishangae kwamba watu walijiongezea kodi wenyewe. Cape Cod sehemu kubwa ya nyumba ni za watu wa Boston, New York na kwingineko wanaokuja majira ya joto. Hao hulipa kodi ya majengo kama kila mtu, lakini hupiga kura wanakoishi. Mkazi wa kudumu aliyepiga kura ya ndiyo alijua kwamba sehemu nzuri ya fedha hizo itatoka mfukoni mwa mgeni. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee, na hofu ya visima kuchafuliwa ilikuwa ya kweli, ila ni sababu ambayo hutaikuta kwenye vipeperushi vya kampeni.

Kuna jambo la pili linaloeleza kwa nini chombo hiki kilihitajika. Tangu 1980 Massachusetts ina sheria iliyopitishwa na wananchi inayouzuia mji kuongeza jumla ya kodi yake ya majengo na ardhi kwa zaidi ya asilimia 2.5 kwa mwaka, ukiondoa ile ya majengo mapya, bila kurudi kwa wapiga kura. Chini ya dari hilo, shule na polisi humeza kila senti. Shamba la mkulima mzee likiwekwa sokoni na mjenzi akiwa na fedha taslimu mkononi, mji hauna cha kumshindia. Nyongeza ya uhifadhi inakaa nje ya dari hilo, na haiwezi kuchukuliwa kufidia bajeti ya shule iliyopungua. Sheria inakataza waziwazi kuitumia kuziba pengo la fedha ambazo mji ulikuwa tayari unazitumia kwa kazi hiyohiyo.

Kufuli la vitenzi

Kila mwaka angalau asilimia 10 ya mapato ya mfuko lazima iende kwenye ardhi ya wazi, asilimia 10 kwenye historia na asilimia 10 kwenye nyumba, au iwekwe akiba kwa ajili ya mambo hayo. Asilimia 70 iliyobaki mji unaigawa utakavyo kati ya makundi manne, na hadi asilimia 5 inaweza kutumika kuendesha kamati. Mji unaokusanya dola milioni 1, kwa mfano, hauwezi kuupa historia chini ya dola 100,000 wala kuzipa nyumba chini ya kiasi hicho. Hiyo ya 70 ndiyo inayoonyesha mji unajali nini. Cambridge, iliyojiunga mwaka 2001 kwa asilimia 3, imekuwa ikipeleka asilimia 80 kwenye nyumba za bei nafuu na kuacha kumi kumi kwa historia na ardhi. Miji mingine midogo ya pembezoni hufanya kinyume: nyumba hupewa zile asilimia kumi za lazima, tena mara nyingi zinalala akiba miaka na miaka, huku mashamba na makanisa ya kale yakipata donge nono. Wote wanafuata sheria ileile.

Panapowachanganya hata wanakamati wenyewe ni kwenye vitenzi. Sheria haikusema "tumieni kwa historia". Imetaja kwa kila kundi kazi zinazoruhusiwa. Kitu cha kihistoria unaweza kukinunua, kukihifadhi na kukikarabati, lakini huwezi kukiunda, maana historia haiundwi upya. Nyumba za bei nafuu unaweza kuzinunua, kuzijenga, kuzilinda na kuzisaidia, ila kuzikarabati unaruhusiwa tu kama zilinunuliwa au kujengwa kwa fedha za mfuko huuhuu. Ardhi ya wazi ni hivyohivyo. Na matengenezo ya kawaida ni marufuku kila mahali. Mji unaweza kuezeka upya jengo la mkutano la karne ya 18 kwa vipande vya mawe kama lilivyokuwa, lakini hauwezi kumlipa mtu wa kufyeka nyasi mbele yake.

Mwaka 2008 mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliubana mji wa Newton kwa kitenzi kimoja. Newton ilitaka kukarabati bustani mbili za zamani zenye viwanja vya michezo. Kundi la walipa kodi likashtaki, na mahakama ikasema sheria inaruhusu mji "kuunda" sehemu za mapumziko, na hizo bustani zipo tayari, kwa hiyo kuziboresha si kuziunda. Miji ilibaki na hali ya ajabu: ilikuwa halali kununua ardhi mpya na kuweka uwanja mpya wa mpira, na haramu kukarabati uliochakaa katikati ya mtaa wa watu wa kipato cha chini, ambao hawana ardhi tupu ya kununua. Bunge la jimbo lilirekebisha hilo mwaka 2012. Tangu hapo viwanja vya zamani vinakarabatiwa, isipokuwa kwamba marekebisho hayohayo yalikataza kununua nyasi bandia za kutandika uwanjani. Mji unaotaka nyasi za plastiki ulipe zulia lenyewe kutoka mfuko mwingine.

Kesi nyingine iliyotikisa ni ya Acton, mwaka 2018. Mji ulikuwa umepitisha ruzuku kwa kanisa la kale lenye waumini hadi leo: fedha za kuandaa mpango wa majengo yake na za kukarabati madirisha ya vioo vya rangi yenye picha za kidini. Katiba ya Massachusetts inakataza fedha za umma kwenda kwa taasisi za dini. Mahakama haikusema makanisa yote yamefungiwa mlango. Ilisema kila ruzuku ipimwe: nia yake ni nini, je, inalisaidia kanisa kwa kiasi kikubwa katika kazi yake ya ibada, na je, inaleta hatari zile zilizofanya katiba iweke katazo. Kwa kipimo hicho madirisha yalizuiwa, na suala la mpango wa majengo likarudishwa mahakama ya chini. Massachusetts jengo la zamani kuliko yote mjini mara nyingi ndilo kanisa, kwa hiyo tangu uamuzi huo mawakili wa miji wamepata kazi ya kutosha.

Nani anaamua

Mji ukishapitisha nyongeza, unaunda kamati ya watu kati ya watano na tisa. Viti vitano vimeshatengwa kisheria: mmoja kutoka tume ya mazingira, mmoja tume ya historia, mmoja bodi ya mipango miji, mmoja wasimamizi wa bustani, mmoja mamlaka ya nyumba. Yaani kila kundi linalotaka fedha limewekewa mtu wake mezani. Kamati hupokea maombi, hufanya mkutano wa wazi na kupendekeza. Haina mamlaka ya kutoa hata senti. Anayetoa ni baraza la jiji, au pale penye utaratibu wa kale wa New England, eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, mkutano mkuu wa mji ambamo wakazi wenyewe hunyoosha mikono ukumbini.

Baraza au mkutano huo unaweza kukataa pendekezo au kulipunguza. Hauwezi kuliongeza, wala kuanzisha mradi ambao kamati haikuupendekeza. Diwani mwenye uwanja anaoupenda mtaani kwake hana njia ya mkato, sharti apite kwenye kamati. Kwa maoni yangu kipengele hiki kidogo kimeiokoa sheria kuliko asilimia zote zilizotajwa hapo juu, kwa sababu kimetenganisha anayechagua na anayelipa.

Ardhi ikinunuliwa, kazi haijaisha. Lazima iwekewe masharti ya kudumu yanayosajiliwa pamoja na hati yake, ili baraza la miaka thelathini ijayo lisije likaiuza kwa mjenzi kwa sababu bajeti imebana.

Mfuko wa pamoja, na kero yake

Sasa tufike penye fundo. Miji haikukubali nyongeza hii kwa mapenzi ya mandhari peke yake. Ilikubali kwa sababu jimbo liliahidi kuongezea juu. Kila mtu anapokwenda kusajili hati kwenye ofisi ya usajili wa ardhi, iwe amenunua nyumba, amechukua mkopo au amemaliza kuulipa, analipa ada ndogo inayoingia kwenye mfuko wa pamoja wa jimbo. Awali ilikuwa dola 20 kwa nyaraka nyingi. Kila Novemba mfuko huo hugawiwa miji iliyopitisha nyongeza, kulingana na kiasi ambacho kila mmoja umekusanya.

Miaka ya mwanzo ilikuwa neema. Miji iliyojiunga ilikuwa michache na mfuko ulikuwa umejaa, kwa hiyo hadi 2007 kila dola iliyokusanywa ilipata dola nyingine nzima kutoka jimboni. Kisha mambo mawili yakatokea kwa pamoja: miji ikazidi kujiunga, na soko la nyumba likaanguka, watu wakaacha kununua na hati zikapungua. Mwaka 2008 mchango wa jimbo ulishuka hadi kama theluthi mbili. Mwaka 2010 ulikuwa chini ya asilimia 30, na 2017 na 2018 chini ya 20. Miji iliyojiunga ikitarajia mia kwa mia ikajikuta na ishirini.

Bunge lilipandisha ada hiyo kutoka dola 20 hadi 50 kuanzia mwisho wa Desemba 2019, na bahati ikawaangukia. Mwaka uliofuata riba za mikopo zilishuka sana na watu maelfu kwa maelfu wakabadilisha mikopo yao ya nyumba. Kila anayebadilisha husajili nyaraka, kila waraka ukaleta ada yake, na kufikia 2021 mchango ulipanda kupita asilimia 40. Riba zilipopanda tena, watu wakakaa kimya na mikopo yao ya zamani na mchango ukarudi chini. Hivyo fedha za kukarabati maktaba ya mji mdogo zinategemea kwa sehemu uamuzi wa riba unaofanyika Washington.

Kero iko hapa: ada ya hati inalipwa katika kila mji wa jimbo, uliojiunga na usiojiunga. Mtu akinunua nyumba katika mji uliokataa nyongeza, ada yake inakwenda kusaidia kununua msitu katika mji mwingine. Tena, kwa kuwa mgawo wa kwanza, ambao ni angalau asilimia 80 ya mfuko, unafuata kiasi ulichokusanya, mji wenye nyumba za dola milioni mbili unakusanya kingi na kupata kingi. Sehemu iliyobaki inagawiwa katika awamu zinazotazama pia utajiri wa mji, na kusudi lake ni kuinua miji midogo na ile yenye thamani ndogo. Lakini mlango wa awamu hizo ni kuwa umepitisha asilimia 3 kamili. Springfield na Holyoke, miji miwili yenye umaskini mwingi iliyojiunga mwaka 2016, ilichagua asilimia 1.5 kwa sababu wakazi wake wasingebeba zaidi.

Marekebisho ya 2012 yalifungua kadirisha: mji uliopitisha angalau asilimia 1 unaweza kuongeza fedha kutoka vyanzo vyake vingine hadi ufikie sawa na asilimia 3, na ukahesabiwa hivyo. Ni msaada kwa mji wenye fedha za kuongeza. Watetezi wa sheria hujibu kwamba mji wowote uko huru kujiunga na kuacha kulalamika. Jibu hilo lina ukweli, ila linasahau kwamba uhuru wa kujiongezea kodi una uzito tofauti katika mji tajiri wa Weston na katika Holyoke.

Anayepanga je?

Worcester, mji wenye Wakenya na Wakongo wengi, uliipitisha mwaka 2022 kwa asilimia 1.5. Wengi wao ni wapangaji kwenye zile nyumba za mbao za ghorofa tatu, familia moja kila sakafu. Mpangaji haoni bili, lakini mwenye nyumba ataona, na atajua pa kuirudisha. Tukadirie nyumba ya aina hiyo kwa dola 700,000, kiwango cha dola 13 kwa 1,000, na dola 100,000 za kwanza zimesamehewa. Nyongeza ya asilimia 1.5 inakuja dola 117 kwa mwaka. Ikigawanywa kwa sakafu tatu na miezi kumi na miwili, ni dola 3 na senti 25 kwa kila familia kwa mwezi. Mwenye nyumba anayepandisha kodi ya pango kwa dola 100 akitaja CPA anamdanganya mpangaji wake.

Kwa aliyenunua nyumba na sasa amestaafu, kuna msamaha ambao wengi hawaudai. Mji unaweza, ukipitisha sheria, kuwaondolea nyongeza yote wenye kipato cha chini, na pia watu wa miaka 60 na kuendelea wenye kipato cha chini au cha kati. Pale ulipopitishwa haujileti wenyewe. Ni lazima ujaze fomu kwenye ofisi ya wakadiriaji wa mji na kuonyesha mapato, na uirudie kila mwaka. Mzee aliyesamehewa mwaka jana akidhani jina lake limeshaandikwa atakuta mstari wa CPA umerudi kwenye bili.

Boston iliikataa sheria hii mwaka 2001 na kuikubali mwaka 2016, kwa asilimia 1. Mji uliojiunga hauwezi kujitoa kabla ya miaka mitano, na hata baada ya hapo kura ya kujitoa haifuti madeni. Miji huruhusiwa kukopa kwa dhamana ya nyongeza inayotarajia kukusanya, ingawa si kwa dhamana ya mchango wa jimbo ambao haujulikani utakuwa kiasi gani. Kama mji ulikopa kununua shamba, wakazi wakipiga kura ya kuiondoa nyongeza, wataendelea kutozwa mpaka shamba hilo liwe limelipiwa lote.